Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kujipa moyo wakati wa tiba ndefu ya saratani, kwa wagonjwa na ndugu wa Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya yameokotwa kwenye mabenchi ya kliniki za Mbeya na Iringa, ndani ya mabasi ya kwenda Dar es Salaam, na kwenye nyumba ambazo mgonjwa amelala chumbani huku wageni wananong'ona sebuleni. Anayejibu si daktari. Ni mtu aliyeuguza ndugu zake na bado anasindikiza wagonjwa. Mambo ya dawa yameelezwa kwa jumla tu. Ratiba na kipimo chako anavijua daktari wako. Si lazima usome yote kwa mkao mmoja.

## Ya kuanzia

1. Ni kweli mgonjwa mwenye furaha hupona haraka kuliko mwenye huzuni?

Hapana. Kinachoua au kuondoa seli za saratani ni dawa, mionzi na upasuaji. Uso wa furaha hauiongezei dawa nguvu, wala machozi hayaipunguzii. Nimelitanguliza hili kwa sababu nimeona wagonjwa wakibebeshwa mzigo juu ya mzigo: uvimbe ukigoma kupungua, ndugu wanaanza kusema "kajikatia tamaa mwenyewe huyu." Huo ni uonevu. Mtu anaweza kulia kila wiki na tiba ikamkubali vizuri kabisa.

2. Sasa kujipa moyo kuna faida gani?

Kunakufikisha kwenye tarehe inayofuata. Tiba ya saratani inataka ikamilike, na wengi wanaokwama hukwama katikati: mara nauli, mara uchovu, mara mtu kawaambia waache. Moyo ndio unaokuamsha alfajiri ya baridi kuwahi kliniki, ndio unaokufanya umalize bakuli la uji hata kama hauna ladha. Ukipata moyo wa kufanya hayo mawili, umeshajipa moyo wa kutosha. Kucheka kutakuja siku kukitaka.

Mama mmoja wa Rungwe alikuwa na kalenda ya kanisa ukutani. Siku za dawa alizizungushia kalamu nyekundu. Katika kila wiki ya katikati aliandika jambo moja tu, dogo: "kumwona bibi", "kuchambua mbegu za maharage", "mazoezi ya kwaya, nitakaa tu." Hakuandika "kupona". Nilipomuuliza sababu akasema kupona hakuna tarehe, ila mbegu zina tarehe. Sijasikia ushauri bora kuliko huo kwa mtaalamu yeyote.

3. Tiba yenyewe huchukua muda gani?

Inategemea aina ya saratani na hatua yake. Dawa za drip, yaani zinazopitishwa kwenye mshipa, kwa saratani ya matiti kwa mfano, mara nyingi hutolewa kila baada ya siku 21, kwa mizunguko kadhaa, kwa hiyo hesabu miezi. Mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida ni Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 5 hadi 7 hivi, na humo mara nyingi huchanganywa dawa ya drip mara moja kwa wiki. Vidonge vya homoni kama tamoksifeni humezwa miaka 5 au zaidi.

Muombe daktari akupe ramani nzima siku ya kwanza: mizunguko mingapi, wapi, kipimo cha kuangalia kama dawa inafanya kazi kitafanyika lini. Mwambie aandike. Uliza pia lengo: tunatibu ili ugonjwa uishe, au tunauzuia usisonge mbele? Wengi wanaliogopa swali hilo, lakini usipoliuliza utaishi kwa kusoma sura za manesi. Kama jibu ni la pili, ruka hadi swali la 21.

## Siku za dawa

4. Kwa nini siku ya tatu au ya nne baada ya drip najiona sina maana kabisa?

Kwa wengi sababu ni ya kimwili. Pamoja na dawa za saratani hutolewa deksamethasoni, kwa ajili ya kuzuia kutapika na mzio. Dawa hiyo inakutia nguvu za ghafla na kukunyima usingizi. Unajikuta usiku wa manane unapanga vyombo. Ikitoka mwilini, nguvu zinaanguka na moyo unaanguka nao.

Andika siku hizo. Baada ya mizunguko miwili utaona zinajirudia zilezile, na ukizijua hazikushtui tena. Usifanye uamuzi wowote mkubwa siku hizo, hasa ule wa "siendi tena." Waambie wa nyumbani: siku ya nne nikisema naacha dawa, mniulize tena siku ya saba. Kama giza halitoki hata mzunguko unapokaribia kuisha, soma swali la 18.

5. Nywele zitatoka zote? Nitaonekanaje?

Si dawa zote zinazong'oa nywele, muulize daktari kuhusu yako. Zile zinazong'oa huanza kati ya wiki ya pili na ya tatu baada ya drip ya kwanza, na nyusi zinaweza kufuata. Mionzi hung'oa nywele za sehemu inayopigwa tu. Anayepigwa mionzi ya nyonga hapotezi nywele za kichwani. Kwa wengi nywele zinaota tena baada ya tiba, wakati mwingine laini kuliko za zamani.

Nyoa mapema, mwenyewe, na mtu unayempenda. Kuamka na kukuta mto umejaa nywele kunaumiza zaidi. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Mbeya, Njombe na Makete haina huruma kwa kichwa kitupu: tafuta kofia ya sufu ya kulalia, na kitenge cha mchana.

Kinachowauma wengi zaidi ya nywele ni minong'ono. Huku kwetu mtu akikonda na kupoteza nywele, mtaa mzima umeshampima kwa macho. Huna deni la kumweleza kila mtu. Chagua sentensi moja fupi, "niko kwenye dawa za saratani, naendelea," iseme vilevile kila mara, kisha badilisha mazungumzo.

6. Chakula hakipandi. Nifanyeje?

Dawa za kuzuia kichefuchefu zimeze kwa muda ulioandikiwa, kabla hujaanza kutapika. Ukisubiri mpaka tumbo lichafuke, umechelewa. Kula kidogo kidogo mara nyingi. Uji wa ulezi wenye karanga, viazi vya kuponda, ndizi laini, mayai yaliyoiva vizuri, na parachichi, ambalo huku tunalo la kumwaga na linatia nguvu hata ukila nusu. Kama kila kitu kina ladha ya chuma, tumia kijiko cha mti. Kama harufu ya kukaanga vitunguu inakuchefua, mpishi apike nje na wewe ule chakula kikiwa kimepoa.

Maziwa mabichi, mtindi usiojulikana umetengenezwaje, na pombe za kienyeji kama ulanzi na kimpumu, viache hadi tiba iishe, maana kinga ya mwili imeshuka. Juisi ya rozela, bitiruti na maini ni vyakula vizuri tu, ila usidanganyike kwamba vitapandisha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, kabla ya Jumatatu.

Na ninyi mnaopika: msigombane naye juu ya sahani. "Kula basi, unataka kufa?" haijawahi kumshibisha mtu.

7. Ni wakati gani nisijikaze?

Jikaze kwenye uchovu, lakini kwenye mambo haya usijikaze hata saa moja: homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi, kutokwa damu kusikokoma, kupumua kwa shida, kutapika kila unachokunywa, kuharisha mfululizo, au mguu mmoja kuvimba ghafla. Nunua kipima joto, ukae nacho. Usimeze panado ukasubiri asubuhi, na usianze dawa ya malaria ya dukani kwa kubahatisha. Kwa mtu aliye kwenye drip, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 ambapo chembe nyeupe huwa chini, homa ni dharura.

Nenda hospitali ya karibu usiku huohuo, na sentensi yako ya kwanza pale mapokezi iwe: "Niko kwenye dawa za saratani, drip ya mwisho ilikuwa tarehe fulani." Bila hiyo utakaa kwenye foleni ya homa za kawaida.

8. Nimesafiri siku nzima, nimefika nimeambiwa damu imeshuka, nirudi wiki ijayo. Nimechoka.

Una haki ya kuchoka. Hili huvunja watu mioyo kuliko kutapika. Lakini kuahirishwa hakuna maana kwamba tiba imeshindwa. Dawa inapiga hata chembe nzuri za damu, na kukupa nyingine kabla hazijarudi kunaweza kukuua kwa maambukizi. Mara nyingi wiki moja inatosha. Zipo pia sindano za kuinua chembe nyeupe, na daktari ndiye anayeamua kama unazihitaji.

Ili usipoteze nauli tena, muulize daktari kama unaweza kupima picha kamili ya damu (kipimo cha kuhesabu chembe zake) kwenye hospitali ya karibu na kwako, siku moja au mbili kabla ya safari, na umpigie kumpa majibu. Wengine wanakubali. Na uondoke nyumbani umeshajiandaa kwa yote mawili: waambie watoto "nitarudi Alhamisi au wiki ijayo," usiwaahidi siku moja.

9. Vidole vimekufa ganzi. Nimeambiwa ni kawaida, lakini nashindwa hata kufunga vifungo.

Baadhi ya dawa, kama paklitakseli, husumbua mishipa ya fahamu ya vidole vya mikono na miguu. Mwambie daktari mapema, asisikie mwishoni, kwa sababu anaweza kupunguza kipimo. Nyumbani hatari iko jikoni: mkono wenye ganzi hausikii sufuria ya moto wala kuni iliyoshika moto. Vaa viatu hata uani.

Kama dawa yako ni oksaliplatini, inayotumika sana kwa saratani ya utumbo mpana, baridi yenyewe inachokoza: maji ya bomba ya asubuhi Njombe yanaweza kukuchoma vidole kama umeme, na kinywaji cha baridi kikakubana koo. Oga maji ya uvuguvugu, kunywa vya uvuguvugu, jifunike mdomo kwa skafu ukitoka nje. Wa Dar wanaweza wasikupe onyo hili kwa uzito unaostahili, maana kwao baridi haipo.

## Safari na kukaa mbali

10. Safari ya Dar ninaiogopa kuliko dawa. Niende vipi?

Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kona za Kitonga hazimjui mgonjwa. Kaa viti vya mbele, meza dawa ya kichefuchefu kabla ya basi kuondoka, chukua mifuko, kunywa maji hata kama unaogopa kukosa choo, na simama unyooshe miguu kila basi linaposimama. Ukimaliza drip usipande basi siku hiyohiyo kama una pa kulala. Mabasi hushusha stendi ya Magufuli, Mbezi, na kutoka pale hadi mjini bado kuna mwendo na foleni, kwa hiyo mtu wa kukupokea ni wa lazima.

Treni ya TAZARA ni ya taratibu na ratiba yake inataka subira, lakini ina vitanda, na kwa mwenye kidonda cha upasuaji kulala ni jambo kubwa. Kabla ya yote, uliza hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya ni sehemu gani ya tiba unaweza kuipata hapohapo. Wako watu wanaosafiri kwa jambo ambalo lingefanyika mlangoni kwao.

11. Nitakaaje wiki nyingi Dar es Salaam bila mtu wangu?

Mionzi ya nje yenyewe ni dakika chache, haiumi, na haikufanyi uwe hatari kwa anayelala karibu yako. Siku inayobaki ni tupu, na kwenye utupu huo ndipo moyo unapofia. Joto la Dar nalo linamwangusha mtu aliyezoea ukungu wa Uporoto.

Taasisi ya Saratani Ocean Road iko ufukweni kabisa, jengo lake la zamani lilijengwa na Wajerumani miaka ya 1890. Asubuhi kabla jua halijakali, wagonjwa hutembea hapo taratibu kupata upepo. Tembea nao. Ngozi iliyopigwa mionzi ifunike jua lisiipate, na usiipake chochote ambacho hukuelekezwa.

Tafuta watu wa kwenu. Kwenye foleni sema tu "Kamwene", salamu ya Wahehe na Wabena, kwa sauti, utaona nani anageuka. Wagonjwa wa Iringa na Njombe wana namna ya kujikusanya kona moja, na Wanyakyusa hawana shida ya kusikika. Anayefahamu dirisha lipi linafungwa saa ngapi, wapi chumba cha bei nafuu, nani anauza uji usio na sukari nyingi, ni mgonjwa aliyekutangulia wiki tatu.

Simu ya nyumbani iwe na saa yake, jioni, dakika chache. Ukipiga kila saa utasikia kila tatizo la nyumbani na huwezi kulitatua hata moja.

12. Fedha zimeisha katikati ya tiba.

Usitoweke. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali unayotibiwa ueleze hali yako. Ipo kwa ajili hiyo, na kuna utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo. Beba barua ya rufaa na ya serikali ya mtaa au kijiji. Mwenye bima ahakikishe rufaa imepita ngazi zinazotakiwa kabla ya kusafiri.

Michango ya ukoo na vikoba iwe na mshika fedha mmoja, ambaye si mgonjwa. Mgonjwa akianza kuhesabu nani katoa na nani kanyima, hatalala.

## Nyumbani, shambani, kanisani

13. Wageni wananimaliza. Wanakuja na kusema "hata fulani alikuwa nayo hiyohiyo, akafa."

Kila familia inahitaji mtu wa mlangoni. Shangazi mwenye sauti anafaa sana. Kazi yake ni kupokea wageni sebuleni, kushukuru, kuwapa chai, na kusema "leo amepumzika." Mgonjwa asiwe ndiye anayefukuza.

Kwa wageni wenyewe: pole yenu imefika. Sasa chota maji, pasua kuni, fua mashuka, mpeleke mtoto shule. Ukiingia chumbani kaa chini, ongea habari za kawaida, nani kaoa, mahindi yamefikia bei gani. Mgonjwa amechoka kuwa mgonjwa saa 24. Na usimwambie "usiwe na mawazo." Atayaacha wapi?

14. Watoto waambiwe?

Waambiwe, kwa maneno ya umri wao. Wanasikia kila kitu kupitia ukuta, na wasichoambiwa wanakibuni, kibaya zaidi. Mambo matatu yanawatosha wadogo: ugonjwa una jina, hauambukizi kwa kukumbatiana, na si wao waliousababisha. Ukilia mbele yao, waambie unalia kwa nini, na waone umefuta machozi ukaendelea kumenya viazi.

15. Msimu umeanza na mimi ndiye mkulima wa nyumba hii. Nitakaaje tu?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi ifikapo Novemba. Mvua inanyesha, majirani wanapanda, na mgonjwa amekaa barazani anaangalia shamba lake likiota majani. Huwezi kumwambia mtu wa Mbozi au Mufindi kwamba hilo si jambo. Heshima yake iko kwenye yale mahindi.

Kwanza, uchovu wa dawa haufanani na uchovu wa jembe. Wa jembe ukilala unaisha, huu unaamka nao. Ukilazimisha siku moja utailipa kwa siku tatu. Hata hivyo kulala kitandani mchana kutwa kunauongeza, kwa hiyo mwendo mwepesi wa kila siku unasaidia. Kwa lugha ya shamba: kagua, elekeza, chagua mbegu, kaa chini ya mti uhesabu mifuko ya mbolea. Usilime.

Pili, punguza eneo kwa makusudi kabla mvua haijaanza, usisubiri kushindwa. Kodisha sehemu, au mpe ndugu alime kwa makubaliano yaliyosemwa mbele ya shahidi. Acha kipande kimoja karibu na nyumba, cha mboga, kiwe chako mwenyewe. Nimeona kitalu cha mchicha kikimwinua mtu kitandani baada ya maneno yetu yote kushindwa.

Tatu, ni kwa waliofanyiwa upasuaji wa titi na kuondolewa tezi za kwapani. Mkono wa upande huo unaweza kuvimba, hata baada ya miaka. Rudia mazoezi uliyofundishwa, ongeza uzito polepole, usiupakie ndoo ya lita 20 siku ya kwanza. Vaa glavu ukichuma chai au kupalilia, kwa sababu mchubuko mdogo unaweza kuleta maambukizi. Ukiona mkono umekuwa mwekundu na wa moto, hiyo ni ya kwenda hospitali (swali la 7). Na kama una drip inayoshusha kinga, kazi ya samadi na vumbi la kupukuchua mahindi waachie wengine.

16. Mume wangu amekuwa kimya. Au: mke wangu hataki nimguse.

Hofu inawafunga midomo wote wawili. Saratani haiambukizwi kwa tendo la ndoa. Siku chache za kwanza baada ya drip tumieni kondomu, na mimba izuiwe kipindi chote cha tiba hata kama hedhi imesimama. Baada ya mionzi ya nyonga uke unaweza kukauka na kubana, na kuna njia za kusaidia. Muulize nesi, ameshaulizwa mara nyingi.

Kuhusu lawama: saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na kirusi cha HPV, ambacho watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani, na kinaweza kukaa miaka mingi kimya. Hakithibitishi kwamba kuna aliyetoka nje ya ndoa mwaka huu. Ugomvi huo haumsaidii mgonjwa hata kidogo.

17. Je, nitumie mitishamba? Na maombi?

Omba, imba, wekewa mikono, pokea sakramenti. Mchungaji mzuri atakuombea kisha atakuuliza tarehe ya kliniki. Anayekuambia uache dawa ili kuonyesha imani, mkimbie. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Loliondo kunywa kikombe, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Tunajua tuliowazika.

Mitishamba ni suala la ini na figo. Mizizi usiyoijua ikikutana na dawa za drip inaweza kuharibu viungo ambavyo ndivyo vinavyosafisha dawa hizo. Ukishatumia, mwambie daktari bila aibu. Afadhali akukaripie kuliko atafute sababu ya macho ya manjano bila habari. Chai ya tangawizi haina neno.

## Mambo magumu zaidi

18. Nitajuaje kama hii ni huzuni ya kawaida au ni sonona?

Huzuni huja na kuondoka: asubuhi unalia, jioni mjukuu anakuchekesha. Sonona inakaa. Ikipita wiki mbili hupendi chochote ulichokipenda, hulali au unalala tu, unajiona mzigo, au unafikiria kufa, huo ni ugonjwa na una dawa. Wazo la kujidhuru likija, mwambie mtu leo, usikae peke yako, nendeni hospitali. Usingoje tarehe ya kliniki.

Kwenye kliniki ya saratani usiseme "naendelea vizuri" kwa mazoea ya salamu. Sema "sina hamu ya kuishi." Watakuelekeza kitengo cha afya ya akili, na kwenda huko hakukuandiki kichaa.

19. Natumia pia ARV. Nitaweza yote?

Wengi wanaweza, na mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya ina wengi walio katika hali hiyo. Usiache ARV ili "kupumzisha mwili". Kinga ikianguka, drip nayo itasimamishwa. Kliniki zote mbili, ya saratani na ya ARV (CTC), zipewe orodha ya dawa zako zote, maana baadhi hugongana na zinaweza kubadilishwa. Kama vidonge vimekuwa vingi mno, omba upangiwe saa upya.

20. Mwenzangu tuliyeanza naye tiba amefariki. Je, mimi ndiye nafuata?

Jina la ugonjwa mnaweza kuwa nalo moja, lakini hatua, aina ya seli na mwili ni vitu tofauti. Kifo chake hakisemi lolote kuhusu ugonjwa wako. Unachokisikia kinaitwa msiba, basi ufanyie msiba: nenda mazishini kama una nguvu, tuma rambirambi kama huna. Wengine hujisikia hatia kwa kubaki. Hilo zungumza na mgonjwa mwingine, ndugu wazima hawalielewi vizuri.

21. Daktari amesema sasa tunapunguza maumivu tu. Nijipe moyo wa nini?

Wa siku zenyewe. Tiba shufaa, yaani hii ya kupunguza maumivu na mateso, ni tiba kamili: maumivu, kichefuchefu, pumzi, vidonda na hofu, vyote vina dawa. Mofini ya maji ikitumiwa kwa kipimo na kwa saa ulizopangiwa haimgeuzi mgonjwa kuwa mlevi, wala haiharakishi kifo. Hufunga choo, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha siku hiyohiyo. Usisubiri maumivu yazidi ndipo unywe.

Watu wa hatua hii huniuliza mambo ya wazi kuliko wengine wote: nani atalipa ada, shamba liandikwe jina la nani, nataka kuzikwa Kyela au hapa. Ndugu huwanyamazisha, "usiseme hivyo, utapona." Mwacheni aseme. Andikeni. Nimemwona mzee akila vizuri kwa mara ya kwanza baada ya kugawa ng'ombe wake.

22. Tiba imeisha, kila mtu anashangilia, mbona mimi sina raha? Na kila kliniki ikikaribia silali.

Wakati wa tiba ulikuwa na ratiba na watu. Sasa umebaki na mwili usiouamini, na kila maumivu ya mgongo unadhani imerudi. Uchovu unaweza kuendelea kwa miezi, na usahaulifu pia. Usikubali kurudishiwa kazi zote za nyumba wiki ya kwanza kwa sababu "umeshapona."

Kliniki za ufuatiliaji huwa za karibu karibu miaka ya mwanzo, kisha zinaachana. Hofu ya siku chache kabla yake inawapata karibu wote, hata waliomaliza miaka mingi. Nenda na mtu, asikie majibu pamoja nawe, maana nusu ya maneno ya daktari hutayakumbuka. Maumivu mapya yakikaa zaidi ya wiki mbili, usisubiri tarehe, wahi.

Majibu yote, ya maabara ya seli, ya picha, na orodha ya dawa ulizopewa, yawe kwenye faili moja la plastiki, na picha zake kwenye simu ya mtu mwingine pia. Faili halisi likae juu ya kabati, mbali na mvua na panya.